Bedfodi la Jeska Lavaa Rimu Mpya

Kila alipofika Mugeta, Ryoba, mnunuzi wa chuma chakavu kutoka Musoma, alilipapasa Bedfodi, lori kuukuu la Jeska, kama mtu anayechagua ng'ombe wa kuchinja.

"Mama, rimu zimepasuka, na za aina hii hazipatikani tena. Niuzie tu."

"Koma! Hili lilikuwaga linabeba pamba ya kijiji kizima."

Safari hii alimkuta Jeska amechuchumaa kando ya lori, pembeni kuna rimu za kisasa alizozitoa Bunda, tundu la katikati limeshapanuliwa na fundi ili ziingie kwenye lori hilo. Ryoba akashika spana amsaidie kufungua za zamani. Akavuta mpaka jasho likamtoka, nati haikutikisika.

"Unakaza!" Jeska akafoka. "Upande wa kushoto wa gari hili, nati zinafunguliwa kinyume. Marehemu mume wangu alinifundishaga hapa hapa."

Ryoba akageuza spana, nati zikalegea. Jioni magurudumu mapya yakakaa, lori likanguruma, kuku wakatawanyika.

Ryoba akazitazama rimu kuukuu pale chini. "Basi niuzie hizo."

"Chukua bure," Jeska akasema, akipanda kwenye usukani. "Utalipa nauli tu. Pakia, nikupeleke Musoma."