Jina Ambalo Mchungaji Machibya Hakulikana

Mchungaji Dakta Nestory Machibya, mkuu wa chuo chetu cha kanisa pale Buswelu, alifukuzwa kwa sababu ya neno moja: Liwelelo. Ndivyo Wasukuma walivyomwita Mungu kabla wamisionari hawajafika.

Alilisikia kwa mama yake, Mhoja, huko Misungwi. Kila alfajiri mama alitoka nje, akatema maji kuelekea jua linakochomoza, akamtaja Liwelelo. Machibya alikwenda ng'ambo, akasoma Kiebrania na Kigiriki, akarudi na shahada ya uzamivu. Halafu akatumia miaka yake kuketi na vikongwe vijijini akiandika sala zao. Kitabu chake kilisema jambo rahisi: bibi zetu walimwomba Mungu huyuhuyu.

Siku ya mahafali aliomba kwa jina hilo. Baraza la chuo likamwita. Nilikuwepo kama kiongozi wa wanafunzi.

"Sentensi moja tu, Mchungaji," alisema Askofu, ambaye utotoni alichunga naye ng'ombe huko Misungwi. "Jumapili useme hilo ni jina la kipagani. Kiti chako kinabaki."

"Baba Askofu, nilipougua surua mama aliniombea kwa Liwelelo, nikapona. Kama alimwomba shetani, nani aliniponya?"

"Wasukuma bwana!" mjumbe mmoja akadakia. "Hata Mungu mnataka kumfungia zizini!"

Wakacheka. Jumapili Machibya alipanda mimbarani, akaanza: "Liwelelo, Baba yetu..."

Jumatatu ofisi yake ilikuwa na kufuli jipya, na kitabu chake kimeondolewa maktabani. Wahadhiri waliokuwa wakigombania kumbebea mkoba wakawa wanavuka barabara wakimwona. Wasomi hao! Watu wanaotufundisha kutetea ukweli!

Alikufa mwaka huu, kwa presha, katika nyumba isiyo na dari. Askofu akaja mazishini, akashika kipaza sauti, akamwita nguzo ya elimu ya kanisa. Watu wakaitikia amina.

Kisha Bibi Mhoja akasogea kaburini, akafumbata udongo, akapaza sauti: "Liwelelo!" Akaendelea kwa Kisukuma, akimkabidhi mwanawe. Mwongoza ratiba akapunga mkono. Kwaya ikaongezewa sauti kwenye spika, mpaka bibi tukawa tunaona midomo yake tu.

Askofu, mtoto wa Misungwi aliyekua akisema Kisukuma hichohicho, akaniinamia.

"Kijana," akauliza, "bibi anasema nini?"