Wakili wa Sufuria

Kahaso Mwero hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa tu. Ukimuuzia kilo ya sukari ataipima kwa kiganja kwanza. Ukimwambia mvua imenyesha Ramisi atamngoja mtu wa pili atoke Ramisi. Marehemu mumewe, aliyekata miwa mpaka mgongo ukakataa, alikuwa akisema kwamba mkewe akifika mbinguni atamtaka Mtakatifu Petro atoe kitambulisho. Basi parokia ilipotafuta mtu wa kutunza vyombo vyake, hapakuwa na ubishi. Padre Randu alihubiri Jumapili hiyo juu ya uwakili, kwamba mali ya kanisa si ya padre wala ya mwenyekiti, ni ya Mungu, na sisi tumewekwa tuitunze. Misa ilipokwisha akamkabidhi Kahaso ufunguo wa stoo. Tangu siku hiyo watu wakamwita Wakili. Wazee walisema kwa heshima, na waliobaki kwa utani, maana mawakili waliowajua wao ni wale wa mahakamani wanaokula pesa za watu, na huyu wa kwao alikula vumbi la stoo.

Stoo yenyewe haikuwa na makubwa. Viti vya plastiki, turubai, miiko, sanamu ya Mtakatifu Yosefu aliyevunjika mkono akingoja fundi, na ile sufuria. Niseme mapema kwamba habari hii yote ni ya sufuria. Ilikuwa kubwa, ya kulisha kijiji, na katika vijiji vile vya nyuma ya Msambweni hapakuwa na arusi wala matanga yaliyopita bila hiyo. Wengi wa walioiazima hawakuwa Wakristo. Jirani zake Kahaso ni Waislamu, na walikula chakula kilichotoka humo kwa sababu moja tu: Kahaso alikuwa ametoa neno lake kwamba nguruwe hajaingia ndani ya sufuria ile, wala hataingia maadamu ufunguo uko shingoni mwake. Hata mnyama wa sikukuu ya parokia alichinjwa na Mwislamu, ili jirani naye apate kula.

Pamoja na hayo, wanawake waliokuja kuazima walikuwa wakiinama kidogo juu ya sufuria kabla ya kuibeba. Walijifanya wanatazama masizi. Kahaso, ambaye kwa kunusa hana mshindani, alijua wananusa, na hakuwalaumu.

Husna peke yake ndiye ambaye hakuwahi kunusa. Nyumba yake na ya Kahaso zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Mama yake Husna alipofariki, wajomba walikataa sufuria ya kanisa isiletwe msibani, na Husna, mwenye msiba, macho yamemvimba kwa kulia, alisimama mbele yao akasema, "Kahaso akisema ni safi, ni safi. Asiyeamini akale kwake." Wajomba walikula. Kahaso alikuwa upande wa pili wa ua akichambua mchele, na maneno yale yalimwingia moyoni yakakaa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumdhamini namna hiyo.

Mwaka huu, sikukuu ya parokia ilipokaribia, dada yake Kahaso aliugua huko Kinango, na Kahaso akaenda kumuuguza. Kwa mara ya kwanza ufunguo ulitoka shingoni mwake. Aliupokea Harrison, mwenyekiti wa kamati ya sikukuu, kijana wa bara aliyepika katika hoteli moja ya Diani. Harrison hakuwa mtu mbaya. Aliimba vizuri kwaya na alitoa zaka bila kukumbushwa. Lakini Kahaso alijua kwamba kule hotelini kila asubuhi wageni hukaangiwa kitu kile, na mtu anayekigeuza kwenye kikaango kila siku angekumbukaje kwamba kwa wengine ni najisi? Alimwachia ufunguo kwa shingo upande.

Aliporudi, sikukuu imepita, alifungua stoo akaikuta sufuria inang'aa.

Hapo hapo shaka ikamwingia. Sufuria ya kuni haing'ai hivyo. Wanawake wa parokia huisugua kwa mchanga na majivu, ikatoka safi, basi. Hii ilikuwa imekwanguliwa kwa waya wa chuma mpaka ndani imejaa mikwaruzo. Mtu husugua hivyo anafuta nini? Kahaso akainama akanusa, yeye mwenyewe, akaona haya kama aliyefumaniwa. Ilinukia sabuni, sabuni nyingi mno.

Akaenda kumtafuta Harrison, akamkuta nje ya kanisa anapangusa viatu vyake vya kazini.

"Harrison mwanangu, habari za sikukuu?"

"Poa sana mama. Watu walikula, hakuna kitu ilibaki."

"Nyama ilitosha?"

"Ilitosha kabisa."

"Mliipata wapi?"

Harrison akatazama saa, kisha akatazama barabara. "Si kamati ilipanga hiyo maneno, mama. Wacha nikimbie kazi nisichelewe. Na hiyo sufuria nimeosha mimi mwenyewe, iko fiti."

Mwenyekiti mzima, mwanamume, ameosha sufuria mwenyewe! Kahaso alirudi nyumbani na jambo hilo kichwani, akaligeuzageuza usiku na mchana. Utasema, kwa nini hakuuliza moja kwa moja, mlipika nini? Wewe hukijui kijiji kile. Swali lenyewe lingetosha kuiharibu sufuria. Jioni ile ile ingesemwa kisimani kwamba Wakili anauliza kama sufuria imepikiwa nguruwe, na kesho yake ingesemwa kwamba imepikiwa. Padre naye alikuwa mafungoni, hapatikani. Kwa hiyo Kahaso akauliza kwa mbali, akizungukazunguka. Nyama ilikuwa laini? Ilikuwa na mafuta? Watu wakamjibu laini, mafuta kiasi, wakamwonea huruma wakidhani analilia sehemu yake aliyoikosa.

Ndipo alipokutana na Tembo, yule wa bodaboda anayepakia abiria wa Lunga Lunga. Tembo alizima pikipiki kwa adabu.

"Shikamoo Mama Wakili! Sikukuu yenu mwaka huu mliiweza. Mbuzi wa Katoliki yule, nimelamba mpaka vidole."

Kahaso aliitikia marahaba. Zamani alikuwa akiuza nyanya Lunga Lunga, mpakani, na pale madereva wa malori kutoka Tanzania walipotaka nguruwe mbele ya Waislamu hawakumtaja jina. Waliagiza "mbuzi katoliki", wakachekeana. Sasa kila kitu kikakaa mahali pake: waya wa chuma, sabuni, Harrison kutazama saa, Tembo kulamba vidole. Wamempika! Wamempika ndani ya sufuria ya watu, na neno lake limekwenda na maji ya kuoshea. Alimchukia Harrison siku hiyo kwa chuki ambayo hata kwenye kitubio hangeweza kuipunguza.

Na kabla hajajua la kufanya, Husna akaja.

"Hodi shoga yangu!" Alikuwa na furaha ya mwenye shughuli. "Yusra wangu amepata tarehe ya arusi. Wakwe watatoka Jego, watu wa swala tano, tena wenye macho. Nimekuja kuiwekea sufuria neno kabla sijawahiwa."

Kahaso alimtazama. Je, Husna amesikia, na amekuja kumpima? Akamchunguza uso, akaona furaha tu, na furaha ile nayo akaitilia shaka.

"Sufuria inavuja," akasema.

"Inavuja?"

"Chini. Imetoboka."

"Mbona kwenye sikukuu yenu haikuvuja?"

"Ndiyo hiyo sikukuu iliyoimaliza."

Husna akatengeneza mtandio wake taratibu. "Kahaso, kama wenzako kanisani wamesema sisi tusipewe tena, niambie. Sitakasirika."

"Haki ya Mungu, hakuna aliyesema hivyo. Inavuja tu."

"Basi hamna neno. Kesho namleta Sanga aizibe, gharama juu yangu. Ni sufuria yetu sote." Akaenda zake, na hakugeuka kuaga kama kawaida yake.

Kahaso akabaki na sufuria nzima isiyo na tundu, na fundi anakuja kesho. Jua bado lilikuwa juu alipoingia stoo akajifungia kwa ndani. Akaifudikiza sufuria, akachukua msumari wa kutundikia turubai na jiwe. Kwanza alimgeuza Mtakatifu Yosefu atazame ukutani. Kisha akapiga. Sufuria ililia mlio uliojaa stoo nzima, akangoja, akasikiliza kama kuna anayekuja, akapiga tena. Alipoiinua, mwanga ulipita chini kama punje ya mtama. Alilia, na alikuwa analia kwa hasira na kwa aibu pamoja, maana katika miaka yote hakuna mwizi wala mlevi aliyewahi kuharibu chombo cha parokia ila yeye aliyepewa kukitunza.

Asubuhi Husna alikuja na Sanga, fundi wa masufuria, mtu asiyependa maneno, na kikapu chake cha vifaa. Kahaso akawafungulia. Husna alitia mkono ndani ya sufuria kutafuta tundu, akapapasa, mara akaurudisha mkono haraka. Kidole kilikuwa kinatoka damu.

Akakifyonza. Akakitazama. Kisha akaitazama sufuria ndani, pale ukingo wa tundu uliposimama mkali kama jino, mpya, haujapata hata moto mmoja.

"Kahaso," akasema polepole, "hii imepigwa msumari."

Kahaso alifungua kinywa kusema wezi, kusema watoto.

"Sanga, tupishe kidogo baba," Husna akasema, na Sanga akatoka na kikapu chake.

Ndipo Kahaso akasema yote. Alisema waya wa chuma, alisema sabuni, alisema Harrison na hoteli yake, na mwisho akasema maneno ya Tembo, akinong'ona, kwamba sikukuu hii watu walikula mbuzi katoliki.

Husna alimkodolea macho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mbuzi wa Katoliki! Sasa mbuzi wa kanisa lenu aitwe wa nani, wa msikiti? Kahaso, mbuzi yule amechinjwa na Sefu! Sefu mume wangu! Huyo Harrison alikuja kumchukua alfajiri, eti Padre amesema bila Sefu hakuna sikukuu. Supu ya kichwa nimeinywa mimi hapo nyumbani kwangu."

"Na kule kusugua?"

"Aliunguza pilau. Mpishi wa hoteli, kuni zimemshinda! Alimwomba Sefu asikwambie, anakuogopa kama simba."

Kahaso aliketi juu ya viti vya plastiki. Alitaka kucheka naye, na kicheko chake kilikuwa tayari kooni, alipoona kwamba Husna ameacha kucheka.

"Lakini hebu niambie," Husna akasema. "Hata kama angekuwa huyo mwingine. Ungekuja ukaniambia, Husna, pametokea hivi. Kwetu chombo kama hicho kina dawa yake. Kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kinatwaharika, kinapikiwa. Tungekaa hapo uani mimi na wewe tukakiosha, na wakwe wa Jego wasingekuwa na la kusema. Ulidhani nitafanya nini?"

"Nilidhani utaniacha," Kahaso akasema. "Mbele ya wajomba zako ulisema nikisema ni safi, ni safi. Niliogopa nimekuaibisha."

"Kwa hiyo ukanidanganya." Husna alikifunga kidole kwa ncha ya leso. "Wewe wakili gani? Umesikiliza kesi, umehukumu, umepiga msumari, na shahidi yuko ng'ambo ya ua wako hujamuuliza. Jana usiku nimelala macho, Kahaso. Nilidhani mmetuchoka."

Sanga akaitwa, akaiziba sufuria kwa ribiti, akapokea ujira wake kutoka kwa Husna, ambaye alikataa kata kata Kahaso asilipe. Jumapili Kahaso alimrudishia Padre Randu ufunguo na kumweleza kisa chote, na Padre, baada ya kuuma midomo asicheke, akaurudisha mkononi mwake. Harrison aliombwa radhi bila kuelewa ni ya nini. Mtakatifu Yosefu akageuzwa tena atazame mlango.

Siku ya kuamkia arusi ya Yusra, Husna alikuja kuichukua sufuria pamoja na wanawake wa kwao. Alimsalimu Kahaso kwa bashasha, akamuuliza hali ya dada yake Kinango, akamwambia asikose kuja kuchambua mchele, maana bila yeye shughuli si shughuli. Maneno yake yote yalikuwa mazuri, na Kahaso aliyapokea yote.

Sufuria ikatolewa uani, ikawekwa juani. Wanawake walishika masikio yake tayari kuinyanyua. Husna akawaambia wangoje. Akapitisha kidole juu ya ribiti, kile kile chenye kovu. Kisha, polepole, kama mtu anayetazama masizi, akainama juu ya sufuria.

Kahaso akageuka, akajifanya anafunga mlango wa stoo.