Bilali: Kila niliyemchora alitoka dada wa saluni

Saa mbili asubuhi, Bilali amesimama mbele ya ubao wa kuchorea katika chuo cha sanaa mjini Bagamoyo. Mkaa uko mkononi, karatasi bado nyeupe. Mbele yake, kwenye kigoda, ameketi mama yake, Bi Mwanaharusi, aliyefika jana kutoka Lugoba.

"We Bilali, unanichora au unanitafuta chawa?" mama anauliza.

"Natazama, mama. Tulia."

"Miaka ishirini na saba yote hukunitazama?"

Bilali hacheki. Huu ni mtihani wa marudio wa kuchora sura ya mtu. Akifeli leo, stashahada yake ya sanaa za uchoraji hataipata. Itabidi arudie mwaka mzima.

Shida yake si mkono mzito. Ni mkono mwepesi mno. Kabla ya kuja chuoni alikuwa mchora mabango, na ukipita barabara kuu kutoka Chalinze hadi Msata, kazi yake umekutana nayo: yule dada wa kwenye kuta za saluni, pua nyembamba, macho ya pembeni, nywele zimemwagika begani. Alimnakili kutoka kwenye kopo la mafuta ya nywele, akamchora miaka saba. Kila ukuta ulimpa kama shilingi elfu thelathini, na ndizo zilizomlipia ada ya mwaka wa kwanza.

"Nilikuwa namchora huku napiga soga na wateja," anasema. "Nikadhani najua kuchora watu. Kumbe najua kumchora mmoja."

Chuoni ndiko alikokuja kuumbuka. Muhula uliopita darasa lilimchora mlinzi, Mzee Dadi, mwenye ndevu nyeupe na mashavu yaliyobonyea. Karatasi ya Bilali ilipogeuzwa, watu walivunjika mbavu. Alikuwa yuleyule dada wa saluni, safari hii ana ndevu.

Mzee Dadi akaja kujiona. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu sasa nimuoe au nimuozeshe?"

Mwalimu wake, Mikdad, hakucheka. Alimwambia mkono wake umezoea kutangulia, macho yanafuata nyuma kama mkia.

Tangu siku hiyo, jioni Bilali huenda sokoni, akakaa, akatazama nyuso za watu bila kuchora chochote. "Wengine walinigombeza, wakadhani nawataka wake zao."

Leo anaanzia mahali ambapo hakuwahi kuanzia: kwenye taya. Anapanda shavuni, anateremka kwenye mdomo usiokaa kimya, anaufuata mpaka kwenye pengo la jino la juu. Macho anayaacha mwisho.

"Yule dada huingilia machoni," anaeleza baadaye. "Nilimfungia mlango."

Hata hivyo, almanusura aingie. Jicho la kushoto linaanza kurembuka lenyewe. Bilali anasita, analifuta kwa kidole gumba.

"Mama, nitazame kama siku ile nilipouchora ukuta wa jirani kwa masizi ya sufuria."

Bi Mwanaharusi hana haja ya kukumbushwa mara mbili. Anamtazama. Bilali anachora haraka, kabla hasira haijageuka kicheko.

Adhuhuri Mwalimu Mikdad anapita kukagua. Anaitazama karatasi, anamtazama mama, anarudi kwenye karatasi.

"Huyu ningemkuta njiani ningemwamkia," anasema. "Umefaulu, Bilali."

Mama naye anasogea. "Mbona umeniweka na pengo?"

"Si unalo, mama?"

"Ninalo. Ila si la kutangaziwa Bagamoyo nzima."

Anasema hivyo, lakini ushungi anauweka sawa, anasimama kando ya picha na kumwita Mzee Dadi aje alinganishe.

Bilali anarudi Lugoba mwezi ujao, na kazi ya kwanza ameshaipata. Habiba, mwenye saluni karibu na stendi, amekubali ukuta wake ufutwe, achorwe yeye mwenyewe pamoja na wasusi wake. Nia ya Bilali ni kuzimaliza saluni zote za barabara ile, kila ukuta na wenyewe.

"Habiba ameshaniomba nimpunguze mashavu," anasema akifungasha mkaa wake. "Nimemjibu, wewe njoo nayo tu, nitayachora yote mawili."