Maji ya Kifuani mwa Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja Masasi, nilivaa koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Mkuu wa Maabara akanitazama, akacheka. "Koti zuri, binti. Sasa achana na hadubini, kachemshe maji." Kumbe kabla ya kupima chochote lazima upate maji safi ya kupimia: unachemsha, mvuke unapoa, unakinga matone. Nilinuna, acheni tu! Vijana wa siku hizi wanabonyeza kitufe, halafu wanalalamika wamechoka.

Nilipohamishiwa Newala, kwenye shida ya maji, ndipo nikamshukuru mzee yule.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Zuhura, mkulima wa korosho kutoka Mkunya. Upande mmoja wa kifua ulijaa maji, anahema kwa taabu. Mganga Mkuu wa Wilaya aliyavuta kwa sindano, akaniletea chupani, yana wekundu. Maji ya namna ile, kwetu, mara nyingi yalikuwa ya kifua kikuu, lakini saratani nayo huyaleta. Nilitafuta vimelea vya kifua kikuu kwa hadubini mpaka macho yakauma. Sikuviona, ila kutoviona hakukutosha kusema havipo.

Nyumbani walikwisha kuamua ni kifua kikuu. Kikombe chake peke yake, sahani yake peke yake. Na mjukuu, mtoto mchanga wa binti yake Zuhura, aliyepewa jina la bibi yake, mama hakuwahi kumgusa. Zuhura alikuwa akisimama naye nje ya dirisha la wodi, analia. Jamani, niliumia.

"Mwanangu," mama aliniambia, "kufa nitakufa tu. Nataka kujua kama naruhusiwa kumpakata."

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara binafsi zimeruhusiwa, na maabara za watu binafsi zimeanza kufunguliwa Dar es Salaam. Mganga Mkuu akasema, "Tuyapeleke huko. Wanapima kimeng'enya kinachopanda kwenye kifua kikuu, na protini inayomwagwa na saratani. Wataangalia na seli." Nikafungasha chupa kwenye barafu, ikaenda kwa gari mpaka Mtwara, kisha kwa ndege.

Majibu yakarudi: kimeng'enya kiko chini, protini iko juu mno, na seli za saratani zimeonekana. Mganga Mkuu aliniita tukaenda wote wodini. Alikaa kitandani, akamshika mama mkono, akamweleza taratibu, hata kwamba dawa ya kuiondoa hatuna.

"Inaambukiza?" mama akauliza.

"Hapana, Mama Zuhura. Haiambukizi kabisa."

Akageukia dirishani. "We Zuhura! Niletee somo yangu!"

Zuhura aliingia mbio, akamlaza mtoto kifuani mwa bibi yake. Mama akakohoa, na hakuna aliyemwondoa mtoto.

Nimestaafu siku nyingi. Vijana wa maabara huniuliza ni majibu gani yalinifurahisha. Nawatajia waliopona, nao ni wengi, namshukuru Mungu. Ya Mama Zuhura siyataji. Nitawaelezaje kwamba tulimpelekea habari ya kifo, naye akatushukuru huku anacheka?