Nilivyoposa Binti wa Watu Usagara

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimejicheka hadi nimechoka, ingawa Usagara bado napita nimeinamisha kichwa.

Mnajua kazi yangu, mkutubi wa chuo, upande wa sayansi ya jamii, na nikimaliza kuwatafutia wanafunzi vitabu (na kuwaamsha waliokuja kulala) nafanya utafiti wangu kuhusu watu wasiokanyaga maktaba, wanapata wapi habari za ardhi, mirathi na mifugo. Siku hiyo nilikuwa na miadi na wazee fulani wa Usagara, nikaambiwa geti la bluu, nikakuta mageti ya bluu mawili, na badala ya kupiga simu kuuliza nikaingia kwenye lile lenye wazee wengi (mtafiti mzima nionekane nimepotea?).

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Tulikuwa tunakusubiri," akajibu mzee aliyevaa koti. "Umetokea wapi?"

"Chuoni. Nimekuja kuomba ushirikiano wenu, maana humu ndani mna hazina ambayo sisi wa nje hatuijui."

Wakacheka kwa furaha, akinamama nyuma ya pazia wakapiga vigelegele, nami nikajisemea hawa watu wanapenda utafiti jamani. Nikatoa sukari na sabuni nilizobeba kama shukrani, zikapokelewa kwa mikono miwili.

"Na upande wa ng'ombe?" akauliza yule mzee.

Nikafurahi, tumefika kwenye mifugo. "Hapo semeni nyie wenyewe, mimi sibishi, naandika tu."

"Arobaini."

"Sawa," nikaandika. Mzee akabaki mdomo wazi.

Akaletwa binti amejifunika khanga, akapiga magoti. "Huyu ndiye?" nikaulizwa. Nikadhani ni wa kuhojiwa, nikasema, "Ndiye, na mkiniongezea wengine wawili nitashukuru."

Hapo hapo wakaingia wageni wamevaa suti, mbele yao mshenga wa kweli, aliyetumwa na mwalimu mmoja wa chuo hicho hicho chetu.

"Ng'ombe tumeshakubaliana arobaini," mzee akamwambia.

"Amekubali nani?"

Wote wakanigeukia. Nilieleza utafiti wangu huku narudi nyuma kuelekea getini, sukari sikuidai. Nasikia wale wageni walibishana hadi jioni kuwashusha wazee kutoka kwenye arobaini, na yule mwalimu hanisalimii mpaka leo.

Siku hizi nikifika nyumba ya watu sikai kabla sijauliza hapa ni kwa nani na kuna shughuli gani, hata kama ni kwa mama yangu mzazi.