Kuagana Vizuri

Majirani wa Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi usiojua kulala, walimtania Kapinga kwamba amesomea kunyamaza. Wanawake wenzake wanakwenda sokoni kubishania unga, yeye anakwenda mjini kuketi kwenye kiti, mtu analia mbele yake, na jioni anarudi amechoka kama aliyebeba magunia. Halafu halipwi. Edouard, mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, naye hakuielewa sana kazi hiyo, ila mtu akiicheka alikuwa mkali.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire. Nyumba ya kusikiliza, ndivyo ilivyoitwa, ilikuwa vyumba viwili nyuma ya parokia. Aliyeianzisha ni Numbi, mtaalamu wa saikolojia aliyesomea Ulaya, mtu mpole mwenye miwani mizito. Numbi hakuwa mtumwa wa mkondo mmoja wa fikra. Kwa hawa alichukua namna ya kuchimbua utoto wa mtu, kwa wale namna ya kumtazama pamoja na ukoo wake, akachanganya, akawafundisha wanafunzi wake kwa Kifaransa kilichojaa Kiswahili. Lakini kiini cha mafunzo kilikuwa kimoja. Mtu hatibiwi na busara ya mshauri, anatibiwa na kile kinachopita kati ya wawili wanaoketi pamoja. Aliyeumizwa na watu huja na kidonda chake mpaka kwenye kiti, anakuogopa kama alivyowaogopa wale, anakungoja umfanyie kama wale. Kazi yako ni kutomfanyia hivyo.

Kwa hiyo Numbi alisisitiza mno kuagana. Kazi ikikaribia kwisha, mshauri aseme mapema, na kwa wiki kadhaa wauzungumze mwisho wenyewe: mtu alie, akasirike, ashukuru. Kumwacha bila kumuaga ni kumrudisha pale alipoanzia, na pengine nyuma zaidi. Kapinga alilishika neno hilo kama anavyoishika rozari, na mimi simcheki kwa hilo, maana mwanamke aliyekabidhiwa kumsikiliza alilihitaji kuliko mkate.

Huyo alikuwa Honorine. Mumewe, André, alikuwa mlinzi wa nyumba ya tajiri mmoja kule Karavia, na wao na watoto walilala chumba kimoja nyuma ya gereji. Honorine alikuwa ameacha kula na kusema. Ilichukua miezi mingi mpaka akasimulia kwamba mama yake alikufa yeye akiwa shule ya masista, wakamzika bila kumwambia, akakuta kaburi limeshaota majani. Baadaye mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na mama mkwe siku moja alipokuwa sokoni. Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu. Watu wake wote waliondoka akiwa amegeuka upande mwingine. Mwishoni mwa kila kikao alikuwa anamuuliza Kapinga kama juma lijalo atamkuta. Kapinga alijibu kila mara kwamba hataondoka bila kumwambia. Polepole mwanamke yule akaanza kula, akaanza hata kucheka.

Sasa hapa kuna jambo la watu wetu. Mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake. Kapinga alikuwa Mama Donat tangu kifungua mimba wake azaliwe, na Honorine hakumjua kwa jina lingine. Numbi alikuwa amefundisha kwamba mambo ya mshauri yabaki nje ya mlango. Kapinga amezaliwa Lubumbashi, Kiswahili chake ni kile kile cha kila mtu. Jina la Kapinga, ambalo lingetangaza mara moja kwamba ukoo wake umetoka jimbo la Kasai, halikuwahi kuingia chumba kile.

Kisha mji ukageuka. Katika mikutano wakubwa walisema Wakasai wameila Katanga, jimbo letu, vya kutosha, warudi kwao. Vijana wakaanza kupita mitaani na mapanga, wakiweka alama kwenye milango. Watu waliokuwa hawajawahi kuiona Kasai kwa macho yao wakaanza kukusanya masufuria kwenda kungoja treni.

Katika siku hizo Honorine alikuja akiwa amejipaka mafuta, uso unang'aa. Alisimulia kwamba André ameingia katika kundi la vijana, na kiongozi wao ameahidi kwamba kila mwanachama atapata nyumba Wakasai wakitoka. Nyumba kweli, yenye mlango wake. Angeweza hata kumdai yule mtoto wake, kwa kuwa mama mkwe alikuwa anasema siku zote kwamba mtoto halali gereji. Kapinga aliketi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: anaona jinsi alivyofurahi. Nilipoambiwa hilo nilikasirika, na bado sijui nilimkasirikia nani.

Alhamisi, siku ya mafunzo, Kapinga aliyapeleka mambo hayo kwa Numbi, mbele ya wanafunzi waliobaki. Aliuliza waziwazi: yeye na mumewe wanaondoka kwa treni ijayo, je, amwambie Honorine sababu, au anyamaze na kutoweka kama wengine? Numbi alivua miwani, akaifuta, akamuuliza yeye mwenyewe anahisi nini. Kapinga akasema anaogopa. Numbi akauliza hofu hiyo inamkumbusha nini cha utotoni. Bwana yule alikuwa amezoea kuitafuta hofu ndani ya mtu hata akasahau kwamba nyingine inatembea barabarani. Kapinga akainuka, akaenda zake. Numbi naye hakuja kumuaga.

Edouard alimsihi anyamaze. Mke wa mtu wa kundi lile akijua, alisema, usiku huo huo tutakuwa nao mlangoni. Kapinga alijua mumewe anasema kweli. Lakini mawazoni alimwona Honorine akifika juma lijalo, akikuta kiti kitupu, na kazi yote ya miezi ile ikizama kama jiwe. Kila kitu kingine kilikuwa kimeshachukuliwa mikononi mwake. Hiki kimoja, kuagana vizuri, kilikuwa bado chake, na alikitaka.

Akaenda. Alipita njia za nyuma, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Honorine alipoketi tu, Kapinga alimwambia.

"Leo njo mara ya mwisho. Minaenda. Jina yangu ni Kapinga."

Honorine alilia, na hakikuwa kilio cha kuigiza. Alilia mpaka akashika ukingo wa kiti. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwambia kabla ya kwenda. Wakazungumza juu ya mama yake, juu ya mkeka ule, juu ya siku ya kwanza alipokataa hata kuketi. Kapinga alihisi, kwa dakika chache, kwamba kitu kimoja katika nchi ile kilikuwa kinakwenda sawa.

Honorine akajifuta uso kwa pindo la kitenge. Aliuliza kwa sauti ile ile ya upole:

"Mama Donat, ile nyumba yenu iko na byumba ngapi?"

Kapinga akamuuliza kwa nini.

"Bengine batairamata tu, bataichukua," Honorine akasema. "Afazali tukuwe siye. Miye nitaichunga."

Akili iliyofundishwa ilimletea maelezo papo hapo: mwanamke huyu anataka kulala pale alipolala yeye, ndiyo namna yake ya kutoachwa. Numbi angeyapenda sana maelezo hayo. Huenda yalikuwa kweli. Na huenda alitaka nyumba tu, kama mtu yeyote anayelala gereji. Kapinga alitafuta hasira, akaipata, kubwa, na hakuwa na mahali pa kuipeleka.

"Bitatu," akajibu. "Na jiko ya inje."

Honorine alisimama, akashika mikono yake yote miwili. Alimshukuru kwa kila kitu, akimtaja mama yake na mtoto wake kwa majina. Alimtakia safari njema, akasema atamwombea kila jioni. Hakuwa amewahi kumuaga mtu namna ile maishani mwake, na hakukosea hata neno moja.

Kapinga alimsindikiza mpaka kwenye kizingiti. Pale akamweleza kwamba mlango wa nyuma kule nyumbani hukwama wakati wa mvua, kwa hiyo asiusukume kwa nguvu, auinue kidogo kwanza ndipo utafunguka.