Uzi wa Manjano wa Nagamani

Nagamani alikuwa bingwa wa kufuta, na alijua hivyo, wala hakusubiri mtu amsifu. Mwigizaji akirushwa hewani kwa waya, ni yeye aliyekaa mbele ya kompyuta pale Hyderabad akazifuta hizo waya, picha moja baada ya nyingine, akajaza mawingu mahali pake hadi mtu aape kwamba dada yule amepaa kweli. Wenzake walimwita akka, dada mkubwa, na waya iliyowashinda ilipelekwa kwake.

Kilichomuuma ni mama yake. Tangu afiwe na mumewe, Venkamma aliishi kwa binti yake, na haikupita siku bila kumchokoza.

“Kufuta!” alisema huku akimenya vitunguu. “Kama kufuta ni kazi, basi mimi na kitambaa changu cha jikoni ni injinia.”

“Amma, kazi yangu ikiwa nzuri haionekani.”

“Hata uvivu hauonekani. Nionyeshe kitu kimoja ulichokitengeneza, nife na furaha.”

Nagamani hakuwa na cha kuonyesha, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyokubali.

Ikaja filamu ya mke anayeruka mto kwenda kumwokoa mumewe aliyefungwa na maadui. Nagamani alijitwika ule mruko mwenyewe, maana ndio watu wangekuja kuutazama. Akafuta, akasafisha, akaupeleka chumba cha ukaguzi kifua mbele. Mwongozaji, Raghuramudu garu kama walivyomwita kwa heshima, mtu asiyepandisha sauti, akautazama, akaomba urudiwe.

“Nagamani,” akasema, “mume wa huyu mama kafa lini?”

“Hajafa, bosi. Si ndiye anayefuatwa?”

“Sasa uzi wake wa ndoa uko wapi?”

Chumba kizima kikaangua kicheko. Uzi ule wa manjano anaofungwa bibi harusi shingoni ulikuwa umechomoka nguoni kwa upepo, ukasimama pamoja na waya, na Nagamani kwa wepesi wa mikono yake akaufuta nao. Mke asiye na uzi ni mjane. Hata mtoto angeuliza, kama mume kesha kufa, anaokolewa nani?

“Akka katufanyia mazishi!” mmoja akachombeza.

Aibu ikampanda. Kuurudisha hakukuwezekana, kwa kuwa kwenye picha za mwanzo uzi na waya vilikuwa vimejisokota. Ukirudisha kimoja, kingine nacho kinakuja. Akasema atauchora upya.

“Kufuta unajua,” Raghuramudu garu akasema kwa upole. “Kutengeneza utaweza?”

Swali lile lile la nyumbani, safari hii mbele za watu.

Kesho yake akapanda juu ya paa, palipoanikwa pilipili, akautoa uzi wake mwenyewe wa ndoa nje ya nguo, akaegesha simu imrekodi, akaanza kuruka. Venkamma akachungulia mlangoni.

“Umerogwa?”

“Niko kazini, amma.”

“Na pilipili zangu unazikanyaga kazini?”

Nagamani akatazama jinsi uzi ulivyopanda taratibu, ukajikunja, ukampiga kifuani. Akauchora vivyo hivyo, picha kwa picha, na Raghuramudu garu hakuomba urudiwe tena.

Filamu ilipotoka akampeleka mama yake onyesho la kwanza, watu wakirusha vipande vya karatasi na kupiga miluzi. Mke yule aliporuka, uzi ukapaa, ukarudi, ukatua kifuani. Nagamani hakutazama skrini. Alimtazama mama yake. Mkono wa Venkamma ulikuwa umepanda wenyewe hadi shingoni, pale palipokaa uzi wake enzi za mumewe, ukabaki hapo.

“Waya sikuziona,” akasema taa zilipowaka, macho yamelowa. “Lakini ule uzi, mwanangu. Nilimhisi baba yako.”

“Uzi haukuwepo, amma. Nimeuchora mimi.”

Venkamma akamkodolea macho. Majina yakaanza kupita kwenye skrini. La Nagamani halikuwemo, palikuwa na la kampuni tu. Hapo mama mtu akasimama katikati ya njia, akashika kiuno, akawapigia kelele waliokuwa wakitoka:

“Nyie! Ule uzi mliouona, kaufunga binti yangu!”